Amplifaya tangulizi ya valvu mbele ya LM3886: besi imepotea na mvumo unazidi jioni

Mwanagenzi_Tanga

Ndugu zangu, habari za kazi. Mwaka jana nilijenga amplifaya ya nguvu ya nyumbani kwa IC (chipu) mbili za LM3886, moja kwa kila spika, zikilishwa volti 28 chanya na volti 28 hasi, na spika zangu ni za omu 8. Amplifaya hiyo haina tatizo lolote, na hata sasa nikiunganisha deki ya CD moja kwa moja kupitia volyumu, inapiga vizuri kabisa.

Tatizo lilianza niliporithi redio ya mbao ya marehemu babu yangu. Sanduku lilikuwa limeliwa na mchwa, lakini transfoma ilikuwa nzima, na hapo ndipo tamaa ya kujenga amplifaya tangulizi ya valvu iliponiingia. Nilinunua valvu moja mpya ya ECC83, nikatafuta mchoro, na mchoro nilioupata ulikuwa wa hatua ya kwanza ya amplifaya ya gitaa. Nimeufuata kama ulivyo kwa pande zote mbili: rezista ya anodi (pini inayotoa sauti iliyokuzwa) ni kilo-omu 100, ya kathodi (pini inayotoa elektroni) ni kilo-omu 1.5 ikiwa na kapasita ya mikrofaradi 22 ubavuni, na kapasita ya kutolea sauti ni ya mikrofaradi 0.022. Umeme wa juu, yaani ule unaolisha anodi, ni volti 260. Kwenye anodi ninapima volti 165 na kwenye kathodi volti 1.4. Hita ya valvu inalishwa na transfoma nyingine ndogo ya volti 12, kisha daraja la dayodi, kapasita ya mikrofaradi 2,200 na 7812, yaani kidhibiti cha volti 12. Volyumu ipo kabla ya gridi, yaani pini ya valvu inayopokea sauti. Mlangoni mwa kila LM3886 kuna rezista ya kilo-omu 10 kwenda ardhini.

Matokeo yake hayakunifurahisha. Kwanza, besi imepotea, na muziki wa dansi unasikika kama unatoka kwenye simu iliyowekwa ndani ya bilauri. Pili, nikiigusa volyumu kidogo tu sauti inalipuka, na nikiendelea mbele inakwaruza. Tatu, upo mvumo ambao mchana ni mdogo, lakini kuanzia saa moja jioni unakuwa mkubwa kiasi cha kusikika kutoka chumba cha pili. Fundi mmoja hapa mtaani ameniambia kwamba valvu niliyouziwa ni mbovu. Je, ninunue nyingine?

Mzee_wa_Lehemu

Kijana, usinunue kitu kwanza. Volti 165 kwenye anodi na 1.4 kwenye kathodi maana yake ni kwamba valvu yako inapitisha karibu miliampea 1, na hivyo ndivyo ECC83 nzima inavyofanya katika mchoro huo. Valvu haina kosa, ila imepewa kazi isiyo yake.

Tuanze na hesabu ya sauti, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. LM3886 ikilishwa volti 28 kila upande hutoa takriban wati 38 kwenye spika ya omu 8, na wati hizo ni sawa na volti 17.4 kwenye nyaya za spika. Kama bodi yako imefuata mchoro wa kawaida wa kiwanda, IC hiyo inakuza mara 21. Gawanya 17.4 kwa 21 upate volti 0.83. Hiyo ndiyo volti inayotosha kuifikisha amplifaya yako mwisho wa nguvu zake. Deki ya CD hutoa hadi volti 2. Kwa hiyo, kabla hujaweka valvu yoyote, tayari una sauti zaidi ya mara mbili ya unayoihitaji, na katikati yake umeingiza hatua ambayo ikiwa huru hukuza mara 60 hivi. Ndiyo maana volyumu inalipuka ukiigusa.

Sasa njoo kwenye besi. ECC83 ni valvu ya kukuza sauti dhaifu sana, lakini haina msuli. Ukinzani wake wa ndani ni kama kilo-omu 62, na ukiuweka sambamba na rezista yako ya anodi ya kilo-omu 100 unapata ukinzani wa kutolea wa kilo-omu 38. Kwenye amplifaya ya gitaa hilo si tatizo, kwa sababu hatua inayofuata ni gridi ya valvu nyingine yenye rezista ya megaomu 1, ambayo haimwombi mtu chochote. Kapasita ya mikrofaradi 0.022 ikikutana na megaomu 1 hupitisha sauti hadi chini kwenye hezi 7. Kapasita hiyohiyo ikikutana na kilo-omu 10 zako pamoja na zile 38 za valvu huanza kukata kwenye hezi 151. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi hutoa hezi 41, kwa hiyo sehemu kubwa ya besi yako imebaki upande wa valvu. Unaweza kuweka kapasita kubwa zaidi na besi ikarudi, lakini valvu itakuwa bado imelemewa: ule ukuzaji wa mara 60 umeshuka hadi kama 13 kwa sababu ya mzigo, na hata hizo 13 zinaifikisha LM3886 mwisho wa nguvu zake mapema mno, na huo ndio mkwaruzo unaousikia.

Amplifaya yako haihitaji kukuziwa sauti. Inahitaji mtu wa kuipokea sauti kutoka kwenye volyumu na kuisukuma bila kuchoka. Kazi hiyo ni ya hatua inayotoa sauti kwenye kathodi badala ya anodi, na valvu yake ni ECC82. Soketi yako itabaki ileile kwa sababu pini za ECC82 na ECC83 ni sawasawa. Majina hayo si ya kubahatisha: herufi E inasema hita ni ya volti 6.3, kila C ni triodi moja (seti moja ya anodi, gridi na kathodi), na 8 inasema kitako ni kile cha pini tisa. Valvu moja ina triodi mbili, kwa hiyo ECC82 moja itatosha kwa kushoto na kulia.

Nakuelekeza kama ninavyoijenga mimi. Anodi zote mbili, yaani pini ya 1 na ya 6, zinaunganishwa moja kwa moja kwenye umeme wa juu wa kama volti 250, bila rezista. Kila kathodi, pini ya 3 na ya 8, inakwenda ardhini kupitia rezista ya kilo-omu 22 ya wati 2. Gridi zinatakiwa zikae kwenye volti 100 hivi, na usizipatie volti hizo moja kwa moja kutoka kwenye umeme wa juu, kwa sababu mvumo wote utaingia nazo. Weka rezista ya kilo-omu 100 kutoka kwenye umeme wa juu, kisha ya kilo-omu 68 kwenda ardhini, zote za wati 1, na kati yao kapasita ya mikrofaradi 10 ya volti 250 kwenda ardhini. Kutoka kwenye kiungo hicho kitulivu, peleka rezista ya kilo-omu 470 kwa kila gridi. Sauti iingie kwenye gridi kutoka kwenye volyumu kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.1, na pini ya gridi yenyewe iwe na rezista ya kilo-omu 1 iliyolehemiwa karibu kabisa na soketi, ili valvu isije ikajigeuza kituo cha redio.

Kathodi itapanda hadi volti 105 hivi, na kila triodi itapitisha karibu miliampea 5. Ukinzani wa kutolea utakuwa kama omu 600, ukilinganisha na 38,000 ulizonazo sasa. Kapasita ya kutolea iwe ya plastiki, mikrofaradi 2.2, volti 400 au zaidi, na baada yake rezista ya kilo-omu 100 kwenda ardhini. Hapo amplifaya yako ya kilo-omu 10 itapata sauti hadi hezi 7. Sauti itatoka ikiwa mara 0.9 ya ilivyoingia, yaani imepungua kidogo, na hilo lisikutishe.

Kuna mambo mawili ambayo michoro mingi ya mitandaoni huyaruka. La kwanza ni kwamba unapowasha, gridi inapata volti 100 papo hapo huku kathodi ikiwa bado baridi kwenye sufuri, na ndani ya valvu nafasi kati ya hizo mbili ni nyembamba mno. Weka dayodi ya 1N4007 kutoka kwenye gridi kwenda kwenye kathodi, ule mstari wake mweupe ukielekea kathodi. Valvu ikishapata moto dayodi hiyo inafunga yenyewe na huisikii tena. La pili ni hita. Kathodi ikiwa kwenye volti 105 na hita kwenye sufuri, kihami chembamba kati yao kinabeba tofauti hiyo saa zote. ECC82 inaruhusiwa hadi volti 180, kwa hiyo haitakufa, lakini valvu iliyozeeka huvujisha hapo na kuleta mvumo. Toa waya hasi wa umeme wa hita kwenye ardhi, uupeleke kwenye kile kiungo cha volti 100, na hita itakaa karibu sawa na kathodi. Angalizo: bati la mgongoni la 7812 limeungana na pini yake ya katikati, kwa hiyo baada ya badiliko hilo lisiguse chesisi. Weka karatasi ya maika na kikombe cha plastiki kwenye skrubu.

Na mvumo wa jioni, je? Umepima umeme wa ukutani saa hizo?

Mwanagenzi_Tanga

Shikamoo mzee, na asante sana. Nimepima leo saa mbili usiku: volti 195. Mchana ilikuwa 228.

Mzee_wa_Lehemu

Marahaba. Basi mvumo wako umejieleza wenyewe. Transfoma ya volti 12 ikipata 195 badala ya 230 hutoa kama volti 10.2. Baada ya daraja na kapasita unapata volti 13 kwenye kilele, na mabonde yake yako chini zaidi. 7812 inataka angalau volti 2 juu ya zile 12 inazotoa. Isipozipata huacha kudhibiti na kupitisha mawimbi ya hezi 100 kama yalivyo, nayo yanaingia kwenye hita. Badilisha transfoma hiyo uweke ya volti 15. Umeme ukiwa 195 utabaki na akiba ya kutosha, na ukiwa 240 7812 itapata joto la zaidi ya wati 1, kwa hiyo ipe bati la kupozea. Ukiweka pia dayodi moja chini ya pini ya katikati ya 7812, utapata volti 12.6 kamili ambazo nusu mbili za hita, kila moja ya volti 6.3, zinazitaka zikiwa zimefuatana kati ya pini ya 4 na ya 5. Pini ya 9 iache wazi.

Ukimaliza, kama bado unasikia mvumo, zima volyumu kabisa. Mvumo usipobadilika, chanzo kiko baada ya volyumu, yaani kwenye ugavi wa umeme au kwenye nyaya za ardhi. Ukipotea, chanzo kiko upande wa kuingizia. Na transfoma isikae chini ya shibiri moja kutoka kwenye valvu. Ukiwa na shaka, ilegeze skrubu uizungushe kwa mkono uliokauka huku unasikiliza, maana mara nyingi upo upande mmoja ambao mvumo unazama.

Kiloomu_NBI

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini na sina ubishi na hesabu za Mzee, ila nina ubishi na hitimisho lake. Mtu anayejenga kifaa cha valvu, akakaa siku tatu na pasi ya kulehemu na volti 250 mezani, kisha akapata sauti iliyopungua kwa sehemu ya kumi, ana haki ya kuuliza amepata nini. Hatua ya kathodi ni mpole mno. Haiongezi wala haipunguzi, na tabia ile ambayo watu wanaitafuta kwenye valvu huipati.

Ningependekeza ECC82 hiyohiyo, lakini sauti itolewe kwenye anodi huku sehemu yake ikirudishwa kwenye gridi. Rezista ya anodi iwe kilo-omu 47, ya kathodi kilo-omu 1.5 na kapasita ubavuni. Kutoka kwenye volyumu hadi kwenye gridi weka kilo-omu 100, na kutoka kwenye anodi, kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.47 ya volti 400, rudisha kilo-omu 270 kwenye gridi hiyohiyo. Utapata ukuzaji wa mara 2 hivi, na ukinzani wa kutolea utashuka kutoka kilo-omu 8 hadi chini ya 2. Faida yake ni kwamba simu, ambayo mara nyingi hutoa kama nusu volti tu, nayo itaweza kuisukuma amplifaya hadi mwisho. Mawimbi yatatoka yakiwa yamepinduliwa, lakini kwa kuwa pande zote mbili zimepinduliwa sawasawa, mwenye kujali anaweza kugeuza nyaya za spika zote mbili.

Vilevile, kwa nini tunaihangaikia rezista ya kilo-omu 10 kana kwamba imeandikwa kwenye katiba? Amplifaya ni ya kwake mwenyewe. Aing'oe aweke ya kilo-omu 22, mradi bodi yake ina kapasita kwenye njia ya mrejesho (ile inayorudisha sehemu ya sauti mlangoni) inayokwenda ardhini, na kazi ya hatua yoyote inayotangulia itapungua kwa zaidi ya nusu.

Mzee_wa_Lehemu

Hilo la rezista ya kilo-omu 22 nalikubali bila masharti. Nilipaswa kulisema mimi.

Kuhusu ukuzaji, bado sijashawishika. Nusu volti ya simu mara 0.9 mara 21 ni kama volti 9.5 kwenye spika, yaani wati 11. Kwa sebule ya kawaida yenye ukuta wa tofali, wati 11 ni sauti ya kumfanya jirani aje kuuliza kuna shughuli gani. Mchoro wako ni mzuri na nimewahi kuujenga, lakini kwa mzigo wa kilo-omu 10 triodi yake inafanya kazi ngumu, na mrejesho unatumika kufuta makosa ambayo hatua ya kathodi haiyafanyi tangu mwanzo. Kwa mzigo wa kilo-omu 22 hoja yako inapata nguvu. Kuhusu tabia ya valvu, ni kweli hatua ya kathodi haina rangi nyingi, na mimi huihesabu kuwa ni sifa. Kijana ajenge moja, na akitaka nyingine atabadilisha rezista na kapasita chache.

Bi_Saumu_Mvita

Naomba kuingilia kidogo. Mimi sikurithi redio. Hapa Mombasa nimetafuta transfoma ya volti 200 na zaidi bila mafanikio, na nilipomwagiza mtu anitafutie Luthuli Avenue, Nairobi, alirudi na za volti 12 na 24 tu. Je, kuna njia nyingine, au niridhike na vile vibodi vidogo vya valvu ya 6J1 vinavyotumia volti 12?

Mzee_wa_Lehemu

Dada Saumu, njia ipo na ni ya bei ndogo. Nunua transfoma mbili za volti 12, ya kwanza yenye uwezo wa VA 30 na ya pili wa VA 15. Ya kwanza iunganishe kwenye umeme wa nyumba kama kawaida. Volti 12 zinazotoka zipeleke kwenye upande wa volti 12 wa ile ya pili, na upande wake wa volti 230 utakupa umeme wa juu. Hutapata 230 kamili, kwa kuwa transfoma ndogo zimesukwa kwa ajili ya kufanya kazi upande mmoja, lakini utapata karibu 200, na baada ya daraja la dayodi nne za 1N4007 na kapasita utakuwa na volti 280 hivi. Chuja kwa rezista mbili za kilo-omu 2.2 za wati 2 na kapasita tatu za mikrofaradi 47 za volti 400, utashuka kwenye kama 230 zilizo safi kabisa. Kama umeme wa kwako nao unashuka jioni, chukua zote mbili za volti 15, kwa sababu hita nayo italishwa na ile ya kwanza. Usichanganye ya 15 na ya 12, kwa sababu ile ya pili itashiba na kuunguruma.

Kapasita hizo unaweza kuzitoa kwenye televisheni za chogo zilizokufa, lakini zipime kwanza, na yoyote iliyovimba kichwani itupe. Vibodi vya 6J1 vinalia, sikatai. Ila ile ni pentodi (valvu yenye gridi tatu) iliyounganishwa kama triodi na kulishwa volti chache mno, nayo pia inakuza sauti ambayo huna haja ya kuikuza.

Kwa kuwa sasa mko wawili, niseme na hili. Kapasita za umeme wa juu hazisahau. Weka rezista ya kilo-omu 100 ya wati 2 sambamba na ya mwisho ili zimwage umeme zenyewe ukizima, na hata hivyo pima kwa mita kabla ya kuingiza mkono, mkono mwingine ukiwa mfukoni. Ninayo bisibisi moja ambayo ncha yake imeliwa kama karanga iliyotafunwa na panya. Niliitumia kumaliza umeme wa kapasita niliyoamini kwamba imeshakauka. Chesisi iwe ya bati na waya wa ardhi wa plagi ya pini tatu uungwe humo kwa skrubu yake peke yake. Nyumba nyingi zina tundu la tatu ukutani lakini nyuma yake hakuna waya, kwa hiyo mwombeni fundi umeme apime. Fyuzi ya ampea 13 inayokuja na plagi itolewe iwekwe ya 3, na ndani ya kifaa iwepo nyingine ndogo ya nusu ampea.

Mwanagenzi_Tanga

Wakubwa zangu, narejea baada ya wiki mbili. Nimejenga hatua ya kathodi kama Mzee alivyoelekeza, na kwenye LM3886 nimeweka rezista za kilo-omu 22 kama Kiloomu alivyoshauri.

Haikwenda moja kwa moja. Nilipowasha mara ya kwanza, kabla ya kuunganisha amplifaya, nilipima kathodi nikapata volti 17 kwa pande zote mbili badala ya 105. Nilikagua rezista zote, nikahesabu upya pini kwa kuitazama soketi kutoka chini, kuanzia penye pengo na kufuata mwendo wa saa, na zote zilikuwa sahihi. Nilipopima kile kiungo cha volti 100 nikakuta sufuri. Nilizima, nikasubiri, kisha nikapima ukinzani kati ya bati la 7812 na chesisi: mita ililia. Karatasi ya maika ilikuwa nzima, lakini nilipotoboa chesisi niliacha ukingo mkali wa bati kwenye tundu la skrubu, nao ulikuwa umekata kile kikombe cha plastiki na kuigusa skrubu. Nilisugua tundu kwa msasa, nikaweka kikombe kipya, na nilipowasha tena kathodi zilipanda polepole hadi volti 104 kushoto na 106 kulia. Umeme wa juu ulisimama kwenye 247.

Besi imerudi, na si ile ya kishindo bali ile ya kuweza kufuata kidole cha mpiga gitaa la besi kikitembea. Mvumo wa jioni haupo tena. Jana umeme ulishuka hadi 190 na sikusikia tofauti yoyote. Nimebaki na maswali mawili. Nikiwasha kila kitu kwa swichi moja, spika zinasukumwa mbele na kubaki hapo kwa sekunde kadhaa kabla ya kurudi. Na volyumu yangu imeandikwa B50K: nikiifungua kidogo tu sauti tayari ni kubwa, na mwanzoni kabisa upande wa kushoto unatangulia kusikika kabla ya wa kulia.

Mzee_wa_Lehemu

Hongera kijana, na hasa kwa kupima kabla ya kuunganisha amplifaya.

La spika usilicheleweshe. Kathodi inapopanda kutoka sufuri hadi volti 105 kwa sekunde tano hivi, kapasita ya mikrofaradi 2.2 inapitisha mkondo mdogo ambao kwenye kilo-omu 22 unazaa karibu volti 1. Kama bodi yako haina kapasita mlangoni, LM3886 inaipokea volti hiyo na kuisukuma spika kwa nguvu ambayo koili yake haitaivumilia kila siku. Tenganisha swichi: washa valvu kwanza, hesabu dakika moja, ndipo uwashe amplifaya, unapozima, amplifaya itangulie. Ukitaka kifanyike chenyewe, pini ya 8 ya LM3886 ni ya kunyamazisha, na IC haitoi sauti mpaka mkondo upite hapo kwenda kwenye umeme hasi. Relei ndogo yenye kichelewesho cha sekunde 45 itaikamilisha kazi hiyo.

Kuhusu volyumu, herufi B ni ya zile zinazopanda kwa mstari ulionyooka. Tafuta A50K, na usimwachie mwenye duka akuambie kwamba ni kitu kilekile. Tofauti ya kushoto na kulia ipo karibu katika kila volyumu ya bei ya kawaida, na huwa mbaya zaidi mwanzoni mwa mzunguko. Kwa ECC83 ulikuwa unaishi hapo mwanzoni muda wote. Ukishaweka ya A, usikilizaji wako wa kawaida utahamia karibu na nusu ya mzunguko, ambako pande mbili zinakwenda pamoja.

Bi_Saumu_Mvita

Transfoma zangu mbili za volti 15 zimenipa volti 271 bila mzigo. Naanza kutoboa chesisi kesho, na tundu la skrubu nitalisugua kwanza.